Kitabu cha Ukoo Kinapoingia Kwenye Runinga: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi wa Kusini

Simu ya kwanza huja na sifa. Mtu anajitambulisha kwamba anatoka kampuni ya kutengeneza tamthilia Dar es Salaam, anasema kitabu chako amekimaliza kwa usiku mmoja, amelia, na wahusika wote ameshawaona. Kisha anauliza: "Haki za kitabu ziko kwa nani, dada?" Mimi simu hiyo ilinikuta nyumbani Chuno, mjini Mtwara, mikono imejaa unga wa muhogo. Nikajibu papo hapo, "Ziko kwangu." Kisheria nilikuwa sahihi. Lakini jibu lile lilikuwa nusu, na nusu ya pili ilinichukua karibu miaka mitatu kuijua.

Kitabu changu kinamhusu bibi mzaa mama, mwanamke wa Newala aliyeshuka bondeni kuchota maji kabla ya alfajiri kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na babu aliyetandika reli ya mradi wa karanga, ule wa Waingereza wa kulima karanga kusini. Mradi ulipovunjwa mwaka 1951, babu akaenda Tanga kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Hakurudi. Aliandika barua 14. Habari za namna hii ziko nyumba nyingi za Mtwara na Lindi, na wapo wenye daftari, kanda za sauti au kitabu kilichokwisha kuchapwa ambao simu yao iko njiani. Nawaandikia hao.

1. Jua kilicho chako

Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hakimiliki inaanza pale unapoandika. Si lazima usajili ndipo uwe nayo. Hata hivyo sajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, kabla ya kuzungumza na kampuni yoyote, maana siku mkigombana, hati yenye tarehe itakusemea. Ulinzi unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufariki. Kugeuza kitabu kuwa tamthilia ni miongoni mwa haki ulizopewa wewe mwandishi, na ruhusa hiyo hutolewa kwa maandishi yenye saini. Maneno ya kwenye simu, hata yakiwa matamu namna gani, hayahamishi kitu.

Ila sheria inalinda ulivyosimulia, hailindi tukio lenyewe. Reli ya karanga ilikuwepo. Nachingwea ilifyekwa kweli, na bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga zile zile ambazo hazikupatikana. Hayo ni ya kila mtu, na kampuni inaweza kutunga tamthilia yake kuhusu reli bila kukuuliza. Kinachowaleta kwako ni yale yasiyopatikana penginepo: bibi alivyokuwa akimpa mtoto wa shule amsomee barua mara tatu, kila mara akisimama mlangoni na mgongo ameugeuzia nje ili wapita njia wasimwone uso. Ukilijua hili utataja bei yako bila woga, na wala hutatisha watu kwa kesi usiyokuwa nayo.

Baada ya hapo kagua karatasi zako. Anza na mkataba wa mchapishaji. Tafuta maneno "haki tanzu" au "haki za ziada", au popote palipotajwa redio, filamu na tamthilia. Wengi wetu tulisaini kwa furaha ya kuona kitabu kinatoka, tusione kwamba mchapishaji amepewa mamlaka ya kuuza haki za filamu na kuchukua sehemu ya malipo. Kama ndivyo ilivyo kwako, huwezi kuuza peke yako. Mwandikie kwanza, mkubaliane, ndipo urudi kwa kampuni.

Picha za familia zitazame pia. Picha uliyonayo ukutani ni mali yako, ila haki ya kuitoa nakala huwa ya aliyepiga, na picha nyingi za zamani zilipigwa studio. Ukimjua mpiga picha au wanawe, omba ruhusa; usipomjua, waambie kampuni waipige upya kwa waigizaji wao.

Barua ndizo zilizonifunza. Karatasi ni ya aliyepokea, lakini maneno yanabaki ya aliyeandika, na akifa yanakwenda kwa warithi wake. Babu yangu alifariki 1981, kwa hiyo maneno yake yanalindwa hadi mwisho wa 2031. Mimi nilikuwa nimezinukuu barua kitabuni kana kwamba ni zangu, kwa sababu tu kibweta kilikuwa chumbani kwangu. Wakili aliniuliza swali moja: "Babu yako aliacha watoto wangapi?" Nikasema wawili. Akauliza tena, "Na Tanga?"

Tanga walikuwapo watatu. Nilikuwa nawajua kwa majina tu, kutoka kwenye barua ya tisa na ya kumi na moja. Nilipanda basi hadi Dar es Salaam, nikalala, nikaenda Tanga, na nikamkuta mkubwa wao na wadogo zake wawili, watu wazima wenye wajukuu. Nilitoa nakala za barua kwenye begi langu. Yule mkubwa aliuangalia mwandiko kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe alikuwa akiwaandikia." Wao walikulia wakiamini kwamba babu aliukata ukoo wa Newala kabisa, sisi tulikulia tukiamini kwamba Tanga ndiyo iliyomzuia. Ruhusa waliitoa siku ile ile. Walichoomba ni kwamba mama yao asifanywe mwanamke aliyemwiba mume wa mtu. Ombi hilo liliingia kwenye mkataba, na nitalirudia.

2. Nenda kwa mjomba kabla ya kwenda kwa kampuni

Kwetu Wamakonde, kama kwa Wamwera, Wamakua na Wayao, ukoo ulihesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye aliyebeba neno la mwisho. Mambo yamebadilika, watu wamechanganyika, lakini nenda ukaone nani anaketi katikati siku ya msiba. Mimi nilichapa kitabu bila kumwarifu mjomba wangu mkubwa. Alinyamaza. Nilipokwenda kumwambia habari za runinga, nikamwamkia, akaitika marahaba, akaniacha nimalize yote, ndipo akasema: "Mwanangu, kitabu mtu anasoma peke yake. Hiyo TV watatazama na wakwe zao."

Hiyo ndiyo tofauti, na kabla sijamsikia yeye sikuwa nimeifikiria.

Fanya hivi. Ita kikao cha watu wa ukoo, siku isiyo na shughuli nyingine. Usiwape muhtasari. Wasomee kwa sauti. Sisi tulikaa siku tatu chini ya mkorosho nyuma ya nyumba ya mjomba, nikisoma sura baada ya sura, na kila walipotaka kusimama tulisimama. Wazee wengi hawajakisoma kitabu chako, hata kama nakala iko kabatini imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Wanalijua jina lako juu ya jalada tu.

Wakati wa kusoma, mtu mmoja aandike mafungu matatu. La kwanza ni yanayotoka kama yalivyo. La pili ni yanayotoka yakiwa yamebadilishwa jina, kijiji au kazi ya mtu. La tatu ni yasiyotoka kamwe.

Fungu la tatu ndilo lenye uzito hapa kwetu. Bibi alikuwa kungwi. Kitabuni niliandika kwamba alikuwa kungwi, kwamba wasichana walimjia, kwamba aliporudi alinukia moshi na alilala mchana kutwa, sikuandika kilichofundishwa. Nilijua watu wa tamthilia watakitaka, kwa sababu kila anayetoka mbali akisikia unyago anataka kuingia ndani ya nyumba. Mama mdogo alilifunga jambo hilo kwa sentensi moja: "Ulichopewa kule hukupewa uuze." Nyimbo za ndani, mafunzo ya ndani na ya jando la wajomba vyote viliingia fungu la tatu. Orodha nzima haikuzidi nusu ukurasa. Iandike vizuri, wazee watie saini au dole gumba, uitunze. Itakuwa kiambatisho cha mkataba.

Kwa kila mtu aliye hai na anayetambulika, chukua kibali cha maandishi. Kiseme nani anakubali, sehemu gani ya maisha yake itaigizwa, jina litakuwa lipi, na kwamba amesomewa kwa lugha anayoielewa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, habari za ugonjwa wa mtu, ndoa yake au watoto wake si kitu cha kukichukua kirahisi. Na kubadilisha jina peke yake hakutoshi: kama kijiji kizima kitamjua kwa kovu na kwa duka lake, anaweza kukushtaki kwa kashfa.

Akikataa, amekataa. Shangazi yangu mmoja alikataa, na kisa chake kilikuwa kizuri kuliko vyote. Nilikaa naye barazani jioni mbili nikitumaini atalegea, na hadi leo naona haya kwa jioni ya pili. Kisa kiliondolewa.

Kwenye kikao hicho hicho zungumza fedha. Usisubiri zije. Sema wazi kwamba malipo yakipatikana sehemu gani ni yako kwa kazi ya kuandika na sehemu gani ni ya ukoo, na nani atazipokea kwa niaba yao. Sisi tulikubaliana robo ya kila malipo iende kwa ukoo, igawanywe kati ya Newala na Tanga.

3. Mkataba

Rasimu ya kwanza niliyoletewa ilikuwa na kurasa sita, na ukurasa wa pili ulisema nawapa haki zote, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa, dunia nzima, milele. Malipo yalikuwa mara moja. Usikasirike ukiletewa hivyo, ndivyo rasimu za upande mmoja zilivyo. Rudi nayo nyumbani. Tafuta wakili, na kama mjini kwako hakuna aliyewahi kushika mikataba ya sanaa, mchukue yeyote makini umpe orodha hii. Mkataba ukiwa wa Kiingereza, dai nakala ya Kiswahili, na kiandikwe kipengele kinachosema ni nakala ipi itafuatwa zikipingana.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba biashara hii ina mikataba miwili. Upo wa kushikilia: kampuni inakulipa ada ndogo ili kwa muda fulani, mara nyingi miezi 12 hadi 18, usimpe mtu mwingine kitabu, wakati wao wanatafuta fedha na kituo cha runinga. Kisha upo wa kununua haki, unaoanza kazi wakiamua kutengeneza kweli. Katika biashara ya Marekani ada ya kushikilia mara nyingi huwa karibu asilimia 10 ya bei ya kununua. Hapa kwetu makampuni mengi madogo huruka hatua ya kwanza na kukutaka usaini kuuza moja kwa moja. Usikubali. Wakikosa fedha, kitabu chako kitalala kabatini mwao na hutaweza kumpa mwingine. Bei zote mbili ziandikwe tangu siku ya kwanza, maana ukishapokea ada ya kushikilia huna tena nguvu ya kujadili bei kubwa.

Hapo hapo weka kipengele cha kurudi: wasipoanza kupiga picha ndani ya muda mliokubaliana, tuseme miaka miwili tangu kununua, haki zinarudi kwako zenyewe, bila kwenda mahakamani.

Halafu punguza wanachochukua. Wanatengeneza tamthilia ya runinga, basi wauziwe tamthilia ya runinga, pamoja na kuionyesha mtandaoni kama ndiyo njia yao. Kitabu chenyewe, tafsiri, redio, jukwaa, kitabu cha kusikiliza na habari za watu wale wale utakazoandika baadaye zibaki kwako, na ziandikwe kwa majina. Msimu wa pili uwe na malipo yake.

Kuhusu malipo, jihadhari na asilimia ya "faida halisi". Faida halisi ni kilichobaki baada ya kampuni kutoa kila gharama inayoijua yenyewe, na kwa kawaida hakibaki kitu. Omba kiasi kinachohesabika: fungu la kusaini, fungu la siku ya kwanza ya kupiga picha, na kiasi kwa kila sehemu inayotengenezwa. Nitoe mfano wa hesabu tu: tamthilia ya sehemu 26 kwa shilingi 150,000 kila sehemu ni shilingi 3,900,000, na hiyo unaweza kuihesabu mwenyewe ukiwa umekaa nyumbani mbele ya runinga. Kampuni ikikata kodi ya zuio, dai hati ya kodi hiyo.

Jina lako liandikwe kwenye mkataba litakavyosomeka, litakaa wapi, na kwamba litatokea kila sehemu. Sheria inakupa haki ya kutambuliwa kuwa mwandishi na ya kupinga kazi yako isipotoshwe kwa namna ya kukuvunjia heshima, lakini ni rahisi zaidi kuonyesha kipengele kuliko kufungua kesi.

Skripti ina maneno mawili ya kuyatenganisha: kushauri na kuidhinisha. Kushauri maana yake wanakusikiliza kisha wanafanya wanavyotaka. Kuidhinisha maana yake bila wewe haipigwi. Hawatakupa idhini ya skripti nzima, na kwa haki kabisa, kwa sababu tamthilia ni kazi yao na mtu mmoja hawezi kuzuia kazi ya watu 40. Nilichoomba mimi, nikapewa, ni idhini juu ya mambo machache yaliyoandikwa: orodha ya ukoo kama kiambatisho, ombi la Tanga kuhusu mama yao, na namna ya kumwonyesha bibi. Mengine yote nikaacha yawe ushauri, na siku saba za kusoma kila sehemu kabla haijapigwa. Kiambatisho kile cha nusu ukurasa ndicho kilichokuja kuubeba mkataba wote.

Mwisho, kipengele cha dhamana. Watakutaka uthibitishe kwamba kila ulichoandika ni kweli na kwamba ukishtakiwa utalipa wewe. Kipunguze: unathibitisha kitabu chako kwa kadiri ya ujuzi wako, na chochote watakachoongeza wao kitakuwa juu yao.

4. Skripti

Jiandae kuumia kidogo. Ndugu watatu watakuwa mmoja, mwaka wa njaa utahamia mwaka wa harusi, mtu atakayekufa sura ya tisa atakufa sehemu ya pili. Haya mengi yana sababu. Runinga haiwezi kubeba majina 60 ya ukoo, na mtazamaji akikosa sehemu moja lazima aelewe inayofuata. Usipoteze nguvu zako hapo.

Ziweke kwenye mtu. Bibi yangu alivaa ndonya, kipande cha mpingo kwenye mdomo wa juu, kama wanawake wa Kimakonde wa rika lake. Kwenye skripti ya kwanza ndonya ilikuwa ya kuchekesha. Mjukuu anaiona, anapiga kelele, anakimbia, muziki, bibi anatoka akibwata kwa lafudhi ya kuigiza, ile ambayo Wamakonde tumeisikia kwenye vichekesho vya miaka mingi. Nilizima taa nikalala bila kula.

Asubuhi niliandika ukurasa mmoja, na nakushauri uandike hivyo hivyo, bila lawama. Nilieleza kwamba bibi aliitoa ndonya usiku, akaiosha kwa maji kidogo ya kikombe cha bati, akaiweka juu ya kitambaa karibu na taa, na kwamba sisi wajukuu tulilala tukiiangalia. Kwamba miaka ya mwisho alikuwa akiificha kwa upande wa kanga akiona gari la mjini. Nikauliza: je, hamwoni kwamba tukio lenu liko hapo, kwenye huo upande wa kanga? Mwandishi wa skripti, kijana ambaye hajafika kusini hata mara moja, alinipigia simu jioni. Aliuliza kikombe kilikuwa cha rangi gani. Tukio alilorudisha lina dakika mbili, halina maneno, na ni bora kuliko nililoandika mimi.

Kwa hiyo usijibu skripti kwa kuandika "si kweli". Wape kilicho kweli kwa ukaribu ambao wanaweza kukipiga picha. Maoni yako yatume kwa maandishi ndani ya siku zako saba, kwa namba za kurasa, ukianza na matatu makubwa. Mwandishi anayeleta marekebisho 80 husomwa matano.

Lugha nayo izungumzeni mapema. Bibi alisema Kimakonde nyumbani. Tulikubaliana mazungumzo yawe Kiswahili cha kusini, kisichochekeshwa, na nyimbo za kutwanga na za kubembeleza zibaki Kimakonde, baada ya mama mdogo kuchagua zipi. Sheria ile ile ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, kwa hiyo wimbo wa jadi usichukuliwe na kuandikwa jina la mtunzi wa jana.

5. Wanapokuja kupiga picha

Vibali ni kazi ya kampuni: Bodi ya Filamu kwa kibali cha kupiga picha, kisha mkoa, wilaya, na serikali ya kijiji. Wewe hakikisha tu mwenyekiti na mtendaji wa kijiji wameonwa mapema, kwa sababu lawama zitakuja kwako.

Msimu uwashauri wewe. Kusini tuna mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na barabara za ndani huwa tope. Juni na Julai watu wako mashambani na salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Kuanzia Oktoba ni korosho, na hakuna mtu wa Newala, Tandahimba au Masasi atakayeacha korosho zake chini aje kusimama nyuma ya kamera. Agosti na Septemba ndiyo nafasi. Na kama mnapiga picha uwanda wa juu wa Newala, ambako maji ni ya shida, kampuni ije na gari lake la maji. Watu 40 wanaoga na kupika kwa wiki tatu. Ni aibu kuigiza shida ya maji huku mkimaliza maji ya wenyewe.

Seti nenda kwa kualikwa, kaa nyuma, na zungumza na mwongozaji peke yake. Ukimsahihisha mwigizaji mbele ya watu umemharibia siku. Ila nenda na mzee mmoja. Siku ya tukio la maji, mwigizaji alikuwa akipanda kutoka bondeni na mtungi kichwani, jua linachomoza, picha nzuri sana. Walirudia mara nne. Mama mdogo, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki karibu nami, akasema taratibu, "Ule mtungi hauna maji." Nilimnong'oneza mwongozaji. Akaja akaamkia, akamwuliza amejuaje. "Shingo," akasema mama mdogo. "Na anatazama pembeni. Mwenye maji hatazami pembeni." Wakajaza mtungi nusu, kwa sababu ukijaa binti asingeweza. Akapanda polepole, vidole vya miguu vikishika udongo, maji yakimchuruzika sikioni, na mama mdogo akaanza kulia kimyakimya. Ndilo walilotumia.

Mzee unayemleta alipwe. Andika hivyo kwenye mkataba: posho ya siku kwa mshauri wa mila, pamoja na nauli na chakula.

6. Usiku wa kwanza

Omba kampuni iwaonyeshe ninyi wa ukoo sehemu za kwanza kabla ya umma. Wakikataa kukupa nakala kwa kuogopa kuvuja, waje nazo wenyewe. Ndugu wajue kabla kwamba watamwona mtu mwenye jina la mama yao ambaye si mama yao. Nafsi hugoma mwanzoni. Mama yangu alitazama dakika kumi akasema, "Huyu mwembamba mno," akatoka nje. Alirudi tukio la barua lilipofika, akakaa sakafuni.

Kabla ya siku ya kurushwa tulisoma dua ya bibi, Newala, na watu wa Tanga wakaja wawili. Panga kitu cha namna hiyo kwa desturi ya nyumba yako. Usiku ule chagua mtu mmoja wa kujibu simu za ndugu na majirani, asiwe wewe. Zitakuja za pongezi, na zitakuja za mtu anayedai yule mlevi wa sehemu ya tatu ni marehemu baba yake. Yule mlevi alitungwa na kampuni. Mwambie mtu huyo ukweli, kwa upole, na kama bado ameumia nenda kwake kwa miguu yako.

7. Baada ya hapo

Hesabu sehemu zilizorushwa na uandike tarehe zake kwenye daftari. Mkataba useme utapewa taarifa ya mauzo kila miezi sita, hasa tamthilia ikiuzwa kituo kingine au nje ya nchi, na isipoletwa, andika barua ya kukumbusha mwezi ule ule. Gawa fedha ya ukoo mbele ya watu, kwa risiti. Omba nakala ya sehemu zote kwa matumizi ya familia, vituo hufuta.

Na kila kitu ulichoazimisha kwa ajili ya seti kirudi kwa orodha iliyosainiwa siku kilipotoka: kinu, kanga, taa ya chemli, picha. Kwangu vilirudi vyote isipokuwa kikombe cha bati, ambacho walinunulia kingine. Barua sikuwapa. Walipiga picha za karatasi wakatengeneza za kuigizia. Zenyewe ziko 14, kwenye kibweta, kwa mjomba Newala, na nakala zake ziko Tanga.